Madam Anashuka Ngazi

Mkuu wa Shule, Madam Shundi, alishuka ngazi za jengo la utawala saa nne na dakika sita asubuhi ya Jumanne. Jambo hilo lisingemshtua mtu, isipokuwa kwamba asubuhi hiyo Madam Shundi alikuwa amelala ghorofa ya pili ya hospitali ya Itamka, kilomita thelathini kutoka kwenye ngazi hizo, mguu wake wa kulia umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, na daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba hatakanyaga chini kabla ya mwezi kwisha.

Elipina Msengi wa Kidato cha Sita aliitazama picha kwenye skrini na kucheka kwa mazoea. Kisha akaacha.

"Hadija," aliita bila kugeuka. "Madam alianguka bafuni lini?"

"Tarehe mbili. Sala uliiongoza wewe, umesahau?"

"Sala ya kumwombea apone."

"Ulisema 'asante' mara nne."

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa. Una nini wewe?"

"Njoo uone. Anashuka ngazi."

Hadija Gwao aliacha daftari la mashahidi mezani, akaja kusimama nyuma ya kiti cha rafiki yake. Kwenye skrini, juu ya bluu iliyokolea kama wino, palikuwa na manundu mawili ya njano: la kwanza dogo, la pili kubwa na zito zaidi. Ukiwa na akili ya kihuni ungesema ni mtu mnene anayetanguliza mguu mmoja kwenye kidato cha ngazi, kisha anauleta wa pili kwa heshima zote. Elipina alikuwa na akili hiyo, na ndiye aliyeipa picha ile jina.

"Labda ni pampu ya maji," Hadija alisema.

"Pampu inafanana na mkia wa mjusi. Umeichambua wewe mwenyewe miaka miwili."

Elipina aliiagiza mashine ilete kapu zima la 'Madam' kuanzia tarehe mbili. Zikaja picha arobaini na moja, zimejipanga kama wanafunzi kwenye mstari wa uji. Siku za mwanzo Madam alikuwa ameshuka mara moja kwa siku. Juzi mara nne. Jana mara saba. Leo, kabla hata ya chai, ilikuwa mara ya tano.

Hakuna aliyecheka. Nje, bendera nyekundu ilipandishwa mlingotini kutangaza mapumziko, kwa maana Sekondari ya Wasichana Ng'alita haikuwa na kengele. Wasichana mia sita wakatoka madarasani wakiwa wamevaa raba za soli laini, wakienda kunywa chai kwenye vikombe vya plastiki, kimya kama maandamano ya paka.

*

Ukimya huo ulikuwa na sababu yake. Chini ya uwanja wa netiboli ndipo ulipoishia mkono wa kusini wa Sikio. Mkono wa mashariki uliishia chini ya shule ya wavulana ya Isuka. Yalikuwa mahandaki mawili yaliyonyooka, kila moja kilomita kumi, na ndani yake mwanga ulikwenda na kurudi kati ya vioo vilivyotundikwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Handaki moja likirefuka kwa kiasi ambacho hata chembe ya vumbi ingekidharau, mwanga ulichelewa, na Sikio likajua.

Lilijengwa ili kusikiliza nyota zilizokufa zikigongana huko mbali. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba linasikia pia mambo ya nyumbani. Mwamba mkubwa unapojisogeza huko chini ya bonde, uzito wake unahama, na mvuto wa uzito ule unafika kwenye vioo papo hapo, kabla udongo wenyewe haujatikisika. Kabla ya mwamba kukatika kabisa, hujisogeza kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia. Sikio likisikia misogeo hiyo ikiongezeka, mji wa Itamka huambiwa utoke, kwa sababu juu ya Itamka kuna bwawa, na ndani ya bwawa kuna maji ya mikoa miwili.

Tatizo ni kwamba Sikio halikuchagua la kusikia. Lilisikia lori kwenye lami, upepo mabatini, ng'ombe wakijikuna kwenye uzio. Kelele hizo ziliitwa chenga, na mashine ya kuzitenga iliitwa Ungo. Kila ncha ilikuwa na Ungo wake, uliotupa taka za pale pale kabla ya kupeleka kilichobaki kituoni kwa Injinia Mtinangi. Ungo ulifundishwa na macho ya wanafunzi, zamu kwa zamu, chini ya amri moja iliyopakwa rangi ukutani: KILA CHENGA NA MASHAHIDI WAKE WAWILI. Huruhusiwi kuita kitu taka mpaka watu wawili waandike kwamba walimwona aliyepiga kelele, saa na dakika ile ile.

Mwaka uliopita Elipina alitoa tangazo rasmi, lenye mhuri aliouchonga kwa kiazi, kwamba Jumatatu ingekuwa Siku ya Kitaifa ya Kulala. Shule nzima ilitii, pamoja na walimu wawili. Alipewa wiki sita za kuchambua chenga, na Hadija naye, kwa kosa la kumiliki kiazi. Wakiwa huko walikutana na manundu mawili ambayo hayakuwa na mwenyewe. Chenga isiyo na shahidi iliwekwa kwenye Kapu la Yatima, na kila yatima alidai ripoti ya ukurasa mzima kwa mkono. Ilikuwa Jumamosi. Kwenye bwalo kulikuwa na filamu.

Elipina alichukua daftari akaandika kwa mwandiko wa karani: *Chanzo: Mkuu wa Shule, kushuka ngazi, uzito wa kuridhisha. Shahidi wa kwanza: E. Msengi.* Hadija akasaini chini yake huku akijifunika mdomo kwa kanga. Wakawahi filamu.

Injinia Mtinangi, mtu asiyejua kwamba duniani kuna mizaha, aliwasifu kwa umakini. Picha walizosaini hivyo zilipofika thelathini, Ungo ukawa umehitimu kuujua mzaha ule. Tangu hapo haukuuliza tena. Kila manundu mawili yalipotokea, Ungo uliyahesabu kapuni na kuyatupa, na hakuna mtu kituoni aliyepata kuyaona.

*

Waliongea nyuma ya karo la kufulia, ambako walimu hawakufika.

"Tukaseme," Elipina alisema.

"Tukaseme nini?"

"Kwamba Madam si Madam."

Hadija alikuwa akifua soksi ambayo tayari ilikuwa safi. "Ni nini basi?"

"Sijui."

"Hujui." Aliikamua soksi. "Sikiliza, Eli. King'ora cha kwanza kilikuwa upepo. Cha pili kilikuwa mtambo wa kusaga kokoto huko barabarani. Watu elfu ishirini wakakimbilia daraja moja. Mama alimshika Rajabu mkono, akaja kugundua ameshika shati."

Elipina alilijua jambo hilo. Alikuwa amelala kitanda kimoja na Hadija kwa mwezi mzima baada ya mazishi, asimtanie hata mara moja, na kwake huo ulikuwa mfungo mkali kuliko wote.

"Mwamba haukumuua mdogo wangu," Hadija alisema. "Aliuawa na mtu aliyedhani amesikia kitu. Sasa wewe unataka kwenda kudhani."

"Na kama ni kweli? Mama yako yupo kule. Madam yupo kule, amefungwa kama mbuzi."

"Niletee kitu ambacho si kudhani, nitakuwa wa kwanza kukimbia."

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja, ingawa lilikaa kati yao kama mtu wa tatu. Mtihani wa mwisho ulikuwa baada ya wiki nane. Kughushi daftari la mashahidi lilikuwa kosa la kufukuzwa shule siku hiyo hiyo, na barua ilikwenda mpaka wilayani. Elipina alijaribu kujiaminisha kwamba hilo halikumsumbua. Lilimsumbua sana. Alishangaa jinsi mtu anavyoweza kuogopa mafuriko na kuogopa barua kwa tumbo lile lile.

*

Kila siku saa sita kamili, ncha mbili za Sikio zililinganisha saa zao kwa simu ya waya. Kanuni ilitaka isomwe saa tu, lakini upande wa Isuka zamu ilikuwa ya Kiula Msengi, mtoto wa baba mdogo wa Elipina. Kanuni na Kiula hawakuwahi kutambulishwa.

"Isuka hapa. Saa sita kamili na sekunde sifuri, mheshimiwa dada."

"Kiula, nisikilize. Mna chenga yenye manundu mawili? Dogo halafu kubwa?"

"Mpishi Anakoroga?"

Elipina aliketi. "Mnaiita nini?"

"Mpishi Anakoroga. Mzee wa jikoni, akigeuza ugali kwenye lile pipa. Mwiko mara ya kwanza, halafu anaegemea. Ina mwaka mzima hiyo."

"Nani alimshuhudia?"

Kimya kilifuata, kimya cha mtu ambaye naye aliwahi filamu.

"Unajua ripoti ya yatima ilivyo ndefu," Kiula alisema hatimaye.

"Nisomee ya saa nne ya leo. Na sekunde zake."

Alimsikia akibonyeza. "Saa nne, dakika sita, sekunde kumi na mbili, nukta tatu saba."

Elipina hakuhitaji kutazama skrini yake. Alikuwa ameikariri. Akamwomba ya jana jioni. Akamwomba ya Ijumaa. Kiula alisoma, naye Elipina akafuata kwa kidole kwenye orodha yake, na kila nukta ya Mpishi ilikalia juu ya nukta ya Madam.

Kati ya shule hizo mbili palikuwa na kilomita kumi na nne za mwamba na mihogo. Mtikisiko wa ardhini ungehitaji sekunde tatu kuzivuka, na kishindo cha mguu wa mtu kisingefika kabisa. Hapakuwa na ngazi wala pipa la ugali ambalo lingeweza kugonga vioo vyote viwili kwa wakati mmoja. Ni kitu kimoja tu kingeweza, na hicho ndicho Sikio lilichokuwa likikisikiliza. Ncha zote mbili zilikuwa zimekisikia mwaka mzima, na kila upande ukakitupa kapuni kwa jina la mtu wake wa kuchekesha.

"Eli," Kiula aliita. Sauti yake ilikuwa imerudi utotoni. "Tangu tuanze kuongea amekoroga tena."

Hadija, aliyekuwa amebana sikio lake kwenye mkono ule ule wa simu, aliinuka na kuchukua daftari.

"Twende," alisema.

*

Injinia Mtinangi aliwasikiliza akiwa amesimama ofisini kwake kituoni. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye tabia ya kuweka kalamu zake sambamba mezani, na walipofika kwenye kiazi na filamu aliziweka sambamba upya, ingawa zilikuwa sambamba tayari. Kisha alifungua makapu yote mawili, akaondoa majina, akazilaza picha za kusini juu ya picha za mashariki. Akatazama kwa muda ambao Elipina aliona ni mrefu kuliko Kidato cha Tano chote.

"Jumla mia tatu na hamsini na tatu," alisema. "Kwa mwaka. Na mimi niliandika kwenye ripoti kwamba bonde limelala."

"Piga king'ora, Injinia," Elipina alisema.

"Kwa mamlaka ya nani, binti? Kinachopelekwa na Ungo ndicho ninachoruhusiwa kukitumia. Ungo unasema hizi ni taka. Kuufundisha upya ni wiki tatu." Alitoa fomu ya rangi ya waridi kwenye droo, akaifuta vumbi. "Njia nyingine ni hii. Mashahidi wawili watamke, kwa saini zao, kwamba kilichoitwa taka si taka. King'ora kikilia na pasitokee kitu, watakaokufa njiani watakuwa juu ya waliosaini. Na mashahidi nilionao ni hawa waliomwona Mkuu wa Shule akishuka ngazi mara mia tatu."

Aliisema bila ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Elipina alikuwa amezoea kukaripiwa. Kukaripiwa kulikuwa na mahali pa kujishikilia.

"Tulidanganya kuhusu chanzo, Injinia. Saa hatukudanganya," alisema. "Saa zote ni za kweli."

"Inawezekana ikawa wiki ijayo. Inawezekana ikawa mwakani. Mwamba haunipi ratiba. Mji ukitoka leo na kurudi kesho, mara ya nne hautatoka."

Kwenye skrini nyuma yake manundu mawili ya njano yalijitokeza, yakatupwa kapuni. Baada ya dakika kumi na moja yakaja mengine. Kisha tisa.

Elipina alivuta fomu akaandika jina lake. Mwandiko wake wa ukarani ulimkimbia. Ilitoka saini ya mtoto wa darasa la tatu. Akamsogezea Hadija kalamu.

Hadija hakuichukua. "Wasipite darajani," alimwambia Injinia.

"Barabara ni moja."

"Kuna njia ya mbuzi, nyuma ya soko, inapanda kilimani. Nimepita huko tangu nina miaka minne. Wapande kwa miguu, mtaa mmoja mmoja. Daraja lifungwe kwa askari kabla king'ora hakijalia. Vinginevyo sisaini, na mnifukuze shule."

"Njia hiyo ni saa mbili kwa mji mzima. Huenda hatuna saa mbili."

"Mara ile, darajani, ilikuwa dakika ishirini tu, na ninyi wenyewe mliona kilichotokea."

Injinia alimtazama msichana huyo, kisha akanyanyua simu na kuomba askari wafunge daraja. Alipoishusha, Hadija akasaini. Saini yake ilikuwa imenyooka, nzuri kabisa. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini.

*

Kutoka kituoni king'ora cha Itamka hakisikiki. Walichokuwa nacho ni simu, na Hadija alimpigia mama yake, aliyekuwa akiuza maharage na chapati mbele ya hospitali.

"Mama, toka. Pitia njia ya mbuzi."

"Marahaba na wewe," mama alijibu. Nyuma yake king'ora kililia kama mtoto aliyekosa wa kumbembeleza. "Watu wamekaa tu hapa, mwanangu. Wanauliza safari hii ni upepo wa nani. Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Nimesaini."

Walisikia kijiko kikigonga sufuria mara moja. "Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu, Mama. Na la Rajabu."

"Ngoja nizime jiko."

Hivyo ndivyo Itamka ilivyoanza kutoka: mama mmoja muuza maharage alifunika sufuria, na watu waliojua kwamba yeye ndiye mwenye haki kuliko wote ya kukaa walimwona ameinuka. Wakainuka nao. Mtaa mmoja mmoja, wakipanda, hakuna aliyekimbia. Injinia alipokea taarifa za askari na kuziandika. Saa nane na nusu, robo ya mji. Saa tisa, nusu. Kwenye skrini manundu yalikuja kila baada ya dakika tatu, kisha mbili, mpaka Elipina akaacha kuyahesabu.

Saa tisa na nusu alikumbuka.

"Mama Rajabu," alisema, akimnyang'anya Hadija simu, "shikamoo. Ghorofa ya pili hapo hospitali kuna mama mmoja, mguu umefungwa kwa kamba. Kuna mtu amemtoa?"

"Manesi wametangulia na wanaotembea," mama alisema. Alikuwa akihema, alikuwa tayari mlimani. Walimsikia akigeuka. "Vijana. Nyie wanne wenye mabega. Turudi chini mara moja."

"Mama, hapana," Hadija alisema, lakini simu ilikuwa mfukoni tayari.

Walisikia kitambaa kikisugua, nyayo, mlango. Walisikia kamba ikikatwa na mfuko wa mchanga ukianguka. Kisha sauti waliyoifahamu vizuri kuliko sauti za mama zao ikauliza ni nani aliyewaruhusu watu wenye viatu vichafu kuingia wodini.

Wakati huo huo Injinia aliinua kichwa. "Yameacha," alisema.

Skrini ilikuwa bluu tupu. Dakika mbili zilipita, tatu, nne. Hakuna nundu hata moja. Mwaka mzima mwamba ulikuwa ukikijaribu kiti. Sasa ulikuwa umetulia, kama mtu aliye tayari kukaa.

Simuni nyayo za watu wanne zilianza kuteremka, nzito, kwa kusitasita. Kidato. Kidato. "Angalieni mguu," ilisema sauti ile. "Wewe wa mbele, nyoosha mgongo."

Elipina alivuta daftari la mashahidi. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Aliandika polepole, kwa herufi zilizosomeka: *Saa tisa na dakika arobaini na mbili. Mkuu wa Shule, anashuka ngazi. Shahidi wa kwanza: E. Msengi.* Akamsogezea Hadija, naye akasaini bila kuondoa sikio kwenye simu. Katika kurasa zote za jina hilo, ndio mstari pekee uliokuwa wa kweli.

"Vidato vingapi hospitali ile?" Elipina aliuliza.

"Ishirini na viwili," Hadija alisema. "Wamefika cha tisa."

Cha kumi. Cha kumi na moja. Elipina aliweka kalamu mezani, sambamba na zile za Injinia, na wote watatu wakaiona ikianza kutembea yenyewe.